Siku Ngapi Bila Maji?

 

Wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe, mazungumzo ya leo ni ya maji, ila nitayaingilia kwa mlango mwingine. Nataka tuongee kuhusu vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye pampu, kwenye mabomba na kwenye matangi, vikapima vyenyewe na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu bila mtu kubonyeza kitu. Wataalamu wanauita mpangilio huo intaneti ya vitu. Juu yake hukaa programu inayosoma vipimo vya miezi na miaka, ikajifunza dalili, mwisho ikaweza kusema: pampu ya kitongoji fulani inaelekea kufa, tumeni fundi. Hilo ni tawi la ile akili mnemba ambayo siku hizi kila mtu anaitaja. Na mahali pengine programu haiishii kusema. Inafunga vali au kuzima pampu yenyewe.

Vitu hivi vinakuja kwetu, na vingine vimeshafika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa Handeni na Korogwe, kipimo cha teknolojia hii ni siku. Siku ngapi akina mama wamekaa bila maji, tangu pampu ilipokufa mpaka iliporudi? Zikipungua, mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Zisipopungua, basi tumenunua picha za rangi za kuangaliwa na wageni ofisini.

Kwanza tuone kwa nini maji yetu ni ghali kuliko ya wenzetu. Mto Pangani, ambao Wazigua wengi mnauita Ruvu, unapita bondeni Korogwe. Mji wa Korogwe uko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari. Handeni mjini ni zaidi ya mita 600. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 tuna lile bomba kuu linalojulikana kwa herufi tatu, HTM: maji yanavutwa mtoni upande wa Korogwe, kisha yanasukumwa kwa pampu kwenda Handeni, vijiji vya njiani vikipata fungu lao.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Kuzipandisha lita 1,000 za maji kwa kimo cha mita 350 kunakula karibu uniti moja ya umeme. Hiyo ni kama pampu haipotezi chochote na bomba halina msuguano, na pampu ya namna hiyo haijatengenezwa duniani. Kwa pampu halisi, weka uniti moja na nusu. Kwa hiyo bomba likipasuka vichakani, mahali asipopita mtu, kila pipa la maji linalomwagika pale limemwagika na umeme ambao mtu ameshaulipia. Mama anayelalamika bei ya ndoo kioski analipia na ndoo iliyopotea njiani. Ndiyo sababu nasema kifaa cha kugundua uvujaji kwenye bomba linalopanda kina faida kubwa kuliko kwenye bomba linaloteremka lenyewe kutoka chemchemi ya mlimani kule Bungu.

Kugundua uvujaji kwa programu kuna njia yake maarufu. Unafunga dira kwenye bomba, unatazama maji yanayopita kati ya saa nane na saa kumi usiku. Watu wamelala, koki zimefungwa, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita saa hizo yanakwenda ardhini. Programu inajifunza kiwango cha kawaida cha usiku cha eneo hilo, na usiku kikipanda inatoa ishara. Miji mingi duniani inaitegemea njia hiyo, na inafanya kazi vizuri.

Ilete hapa kwetu ilivyo, itaaibika. Mahali penye mgao, mara nyingi maji yanatoka usiku. Mama anaamka saa tisa, anakinga ndoo, madumu, pipa, na simtanki kama analo. Mtaa mzima umefungua koki kwa wakati mmoja. Programu iliyofundishwa kwingine itaona mafuriko na kupiga kelele kila zamu ya mgao, mpaka wahandisi wachoke na kuizima. Wakishaizima, hata siku bomba linapopasuka kweli hakuna atakayesikia.

Dawa yake ipo, nayo ni kuifundisha kwa maisha ya hapa. Ipewe ratiba ya mgao ya kila mtaa. Ijue siku za gulio. Ijue mwezi wa Ramadhani, watu wanapoamka kula daku. Ijue vuli na masika, maana mvua ikinyesha kila mwenye bati anakinga maji ya bure na kisima kinapumzika. Ijue pia saa ambazo umeme ulikatika, ili isidhani pampu imekufa kumbe imekosa moto. Mambo haya hayamo kwenye mashine inaposhushwa kwenye gari. Yamo vichwani mwa watu: fundi wa zamu, msimamizi wa tangi, mama mwenye kioski. Mtu anayekuja kufunga mtambo asipokaa na watu hao, amefunga nusu ya mtambo.

Tuiache kidogo njia ya bomba kubwa twende vijijini, kwenye pampu za mkono na visima, kwa sababu huko ndiko siku bila maji zinakuwa nyingi zaidi. Na huko kuna habari ambayo wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Vituo vya maji vya Tanzania ni maarufu mno kwa vijana wanaojifunza fani ya akili mnemba duniani kote. Miaka iliyopita Wizara ya Maji iliendesha zoezi la kuhesabu vituo vya maji vijijini, na sehemu kubwa ya rekodi zilizotumika ni za kati ya 2011 na 2013. Rekodi hizo ziliwekwa wazi, na taasisi moja ya Marekani iitwayo DrivenData ikazifanyia shindano. Mshindani anapewa vituo 59,400 vya Tanzania, kila kimoja na maelezo yake: kilipo, bonde la mto, kata, aina ya pampu, nani alifadhili, nani alijenga, mwaka gani, watu wanalipaje, maji yana ladha gani, mengi au machache. Kwa kila kituo kuna jibu moja kati ya matatu: kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi. Programu inajifunza humo, halafu inapewa vituo vingine ambavyo majibu yake yamefichwa, ibashiri. Maelfu kwa maelfu ya watu wamejaribu. Handeni imo katika rekodi hizo, Korogwe imo. Kuna kijana Ulaya au Asia ambaye hajawahi kusikia jina la Kabuku, lakini amekesha usiku na visima vyetu.

Tazameni mgawanyo wa majibu. Vinavyofanya kazi 32,259. Vinavyohitaji matengenezo 4,317. Visivyofanya kazi 22,824. Yaani katika kila vituo kumi, karibu vinne vilikuwa vimekufa siku mhesabuji alipofika. Hizi ni namba za zamani, na kazi kubwa imefanyika tangu hapo; Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianzishwa kwa sheria ya 2019 hasa kwa sababu hali hiyo ilikuwa haivumiliki. Hata hivyo nataka tujifunze kitu kwenye rekodi zile.

Washindani bora wamefika karibu asilimia 82 ya majibu sahihi. Inasikika vizuri. Lakini mtu anayejibu tu kwamba vyote vinafanya kazi, bila kutazama chochote, tayari anapata asilimia 54. Tena, mojawapo ya dalili zilizoisaidia sana programu ni pale ambapo mhesabuji aliandika kwamba kisima ni kikavu. Visima hivyo karibu vyote havifanyi kazi, na hilo halikuhitaji mashine. Mahali ambapo programu zinakosea kuliko kwingine kote ni kwenye lile kundi dogo la katikati, vituo 4,317 ambavyo bado vinatoa maji lakini vinaumwa. Na hilo ndilo kundi tunalolihitaji! Kisima kizima hakitaki fundi. Kilichokauka hakitapona kwa spana. Kinachoumwa ndicho ambacho fundi akiwahi na mpira mmoja wa pistoni, kijiji hakikosi maji hata siku moja.

Kwa nini mashine inashindwa hapo? Kwa sababu mhesabuji alipita mara moja tu. Aliandika alichokiona asubuhi ile akaondoka. Ugonjwa wa pampu hauonekani kwa kutazama mara moja. Unaonekana kwa kulinganisha leo na mwezi uliopita.

Na hapa nataka tusogee karibu kabisa na pampu ya mkono. Mama anayechota kila siku anaijua pampu yake. Pampu ikiwa nzima, anapiga mpini mara mbili tatu, maji yanafika mdomoni. Mpira wa pistoni ukianza kulika, asubuhi maji yanachelewa kupanda. Anapiga mara kumi, kumi na tano. Mpini unakuwa mwepesi mkononi kwa sababu unainua hewa. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa mapigo arobaini sasa inataka sitini. Baadaye kunaanza kusikika kugonga ndani, fimbo inasugua bomba. Akina mama wanaambizana palepale kwenye foleni: hii pampu siku zake zinahesabika. Wanabashiri, na wanabashiri vizuri. Wiki kadhaa baadaye inakufa kweli, ndipo habari inaanza safari: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa kamati ya maji, kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa ofisi ya wilaya. Ujuzi ulikuwepo kabla ya kifo cha pampu. Ulikwama kisimani.

Sasa sikilizeni kilichofanyika kwa majirani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akina Rob Hope na Patrick Thomson, walitengeneza kifaa kidogo kinachotiwa ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Ndani yake kuna kipima mtikisiko, kile kile kilichomo kwenye simu yako ya mguso, kinachojua umeigeuza simu, uso wake nao ukageuka. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu mapigo, kinatuma ujumbe mfupi kwa laini ya simu ya kawaida. Walivifunga vifaa hivyo Kyuso, wilaya kame ya Kitui nchini Kenya, mwanzoni mwa muongo uliopita. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika kule ilikaa kwa wastani siku 27 kabla ya kurudi kazini. Katika majaribio hayo zikashuka chini ya siku tatu.

Halafu wakasogea Kwale, pwani, kaunti inayopakana na Tanga yetu. Kule walikuta jambo zuri zaidi. Mtikisiko wa mpini unabeba habari za chini ya ardhi. Maji yakiwa mbali, mpini unatetema kwa namna moja, yakiwa karibu unatetema kwa namna nyingine. Sikio la mtu halitofautishi, lakini programu iliyofundishwa kwa maelfu ya mapigo inakadiria kina cha maji kisimani. Mwaka 2017 walichapisha matokeo hayo. Fikirieni maana yake kwa Handeni, ambako masika yakikosa kunyesha hatujui maji ya ardhini yameshuka kiasi gani mpaka visima vinapoanza kutoa tope. Kila pampu ya mkono ingekuwa kipimo cha ukame, kwa mikono ya wachotaji wenyewe, bila kuchimba kisima kipya cha uchunguzi.

Lakini zile siku tatu hazikuletwa na kipima mtikisiko peke yake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wauza vifaa watalipita haraka. Kule Kyuso nyuma ya kifaa palikuwa na fundi ambaye kazi yake ilikuwa kutoka habari inapofika, na vipuri vilikuwepo. Baadaye Kwale na Kitui ilianzishwa huduma inayoitwa FundiFix: kijiji kinalipa ada ndogo kwa mwezi, na fundi anawajibika kuitengeneza pampu ndani ya siku tatu. Ahadi ya siku ndiyo bidhaa inayouzwa. Kifaa kinasaidia ahadi itimizwe, na kinafanya isiwezekane kudanganya, maana kinajua saa pampu iliponyamaza na saa iliporudi.

Nchini Rwanda watafiti walipima jambo hilohilo kwa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kundi la kwanza liliachwa kwenye utaratibu wa kawaida: pampu iliyoharibika ilichukua kama siku 152 kutengenezwa, na kwa wastani pampu zilikuwa zinafanya kazi asilimia 68. Kundi la pili mafundi walizunguka kwa ratiba: siku zikashuka hadi 57, pampu zinazofanya kazi asilimia 73. Kundi la tatu mafundi walitumwa pale kifaa kiliposema: siku 21, na asilimia 91. Miaka miwili baadaye watafiti wakaingiza ujifunzaji wa mashine kwenye vipimo vya aina hiyo vya pampu za mkono za magharibi mwa Kenya, wakakadiria kwa hesabu kwamba programu ikibashiri kabla ya pampu kufa, zinaweza kufanya kazi asilimia 99 ya wakati. Hiyo ya mwisho ni makadirio ya kwenye kompyuta, tuichukue hivyo. Zile 152 na 21 ni siku za watu.

Kwa hiyo ukisikia mradi umekuja kijijini na vifaa vya kisasa, swali la kwanza liwe: ujumbe wa kifaa unafika kwenye simu ya nani? Ana pikipiki? Ana mafuta? Vipuri viko Korogwe mjini au mpaka viagizwe Dar es Salaam? Na la pili: mfadhili akiondoka, nani atalipia laini za simu na betri? Kifaa kinachotuma ujumbe kinakula fedha kidogo, lakini kidogo hicho kisipokuwa kwenye bajeti ya mtu, mwaka wa pili kimenyamaza, na ofisini watadhani pampu ndiyo iliyonyamaza.

Kuna aina nyingine ya kujiendesha ambayo imetangulia kufika katika vijiji kadhaa nchini, nayo inaniumiza kidogo kuizungumzia kwa sababu ina faida za kweli. Ni koki za malipo ya kabla. Unagusisha kadi, maji yanatoka, salio likiisha yanakatika, kama tulivyozoea LUKU kwenye umeme. Mapato hayapotelei mikononi mwa watu, chombo cha maji cha jamii kinapata fedha za kununulia vipuri, na mama anaweza kuchota hata saa ambayo mwenye kioski hayupo. Yote hayo nayakubali. Lakini angalieni nini kimetangulia. Mashine ya kukusanya fedha imewekwa mapema. Mashine ya kumwambia fundi kwamba maji hayatoki inasubiri mradi mwingine. Na koki ya kadi haijui kwamba bibi huyu ana mgonjwa ndani na kesho mjukuu atamtumia hela. Mwenye kioski alikuwa anajua, alikuwa anaandika deni. Mkipewa koki hizo, daini utaratibu wa dharura uandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo. Na daini pia koki hiyo hiyo, ambayo tayari ina laini ya simu ndani yake, itume taarifa kila maji yanapokosekana. Inaweza. Ni suala la kuipangia tu.

Kabla sijafika mwisho, mfano mmoja kutoka shambani, kwa sababu unafundisha jambo ambalo pampu peke yake halifundishi. Batobato na michirizi kahawia ya mihogo mnaijua vizuri. Michirizi kahawia ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936, na ugonjwa wenyewe aliukuta hapahapa, chini ya milima ya Usambara. Miaka zaidi ya themanini baadaye ikatoka programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyofundishwa kwa picha za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa mashamba ya Tanzania. Unaielekeza kamera kwenye jani, inakwambia ugonjwa. Haihitaji mtandao, akili yake inakaa ndani ya simu. Hiyo kwetu ni muhimu mno, kwa sababu kuna mabonde Handeni ambako mnara haufiki.

Walipoipima, mwaka 2020, kwa jani moja Nuru ilipata majibu sahihi asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Halafu wakaifanya itazame majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Mashine ile ile, mmea ule ule, ila imetazama mara nyingi zaidi. Kwa pampu ni hivyo hivyo. Kifaa kinachopiga kengele kwa kipimo kimoja kitamtoa fundi nyumbani bure, na fundi akitoka bure mara kadhaa hatatoka tena. Kingoje vipimo kadhaa vikubaliane. Na pale mtandao ulipo hafifu, kihifadhi vipimo vyake na kuamua chenyewe palepale, kitume ujumbe mmoja mfupi mnara ukipatikana.

Sasa kwa nini nayasema haya wakati huu? Kwa sababu mabomba mapya yanakuja. Mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, mikataba yake ilitiwa saini Chamwino tarehe 6 Juni 2022, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Bomba likiwa bado halijafukiwa, kufunga dira na vipimo vya mgandamizo kila hatua ya njia ni gharama ndogo. Likishafukiwa, ni kuchimba upya. Ningependa kuona kwenye kila kituo cha kusukuma maji kipo kipimo cha mtikisiko wa pampu na joto la mota, kwa sababu pampu kubwa nayo inaumwa kabla ya kufa, beringi inaanza kutetema siku nyingi kabla. Ningependa kuona kipimo cha tope pale maji yanapovutwa mtoni, maana mvua kubwa zikinyesha juu, Pangani hubadilika rangi, na mchanga unaoingia kwenye pampu unazila taratibu. Kuzima pampu kwa saa chache wakati tope limezidi, kwa uamuzi wa mtambo wenyewe chini ya jicho la fundi wa zamu, kunaweza kuokoa pampu ambayo kuagiza nyingine ni miezi.

Ila nasema chini ya jicho la fundi wa zamu, na silegezi hapo. Mtambo uruhusiwe kuzima ili kulinda pampu, lakini kumnyima mtaa maji kwa siku nzima ni uamuzi wa mtu mwenye jina, anayeweza kuulizwa.

Na habari zinazokusanywa zirudi. Visima vyetu vimefundisha programu za watu wasiotujua; basi na ofisi ya kijiji ipate ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili, ubandikwe ubaoni: kisima hiki kimelala siku ngapi, kile siku ngapi, tangi limevuja kiasi gani. Anayetumia dira ya kisasa nyumbani kwake ajue pia kwamba dira hiyo inaonyesha lini nyumba ina watu na lini haina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022. Mamlaka za maji zinapaswa kuifuata kwa habari hizo sawasawa na benki inavyopaswa kwa akaunti yako.

Kuna kazi ambayo haingoji mradi wala laini ya simu, nanyi mnaweza kuianza wiki hii. Kamati ya maji ichukue daftari, ipige mistari. Tarehe pampu ilipoanza kuchelewesha maji. Tarehe ilipokufa. Tarehe mliporipoti, na kwa nani. Tarehe fundi alipofika. Kilichoharibika, na bei ya kipuri. Tarehe maji yaliporudi. Mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, mapato na matumizi yakishasomwa, zisomwe na siku hizo. Siku kifaa kikija, daftari hilo ndilo litakaloifundisha mashine kuijua pampu yenu, na hakuna mtu Marekani wala Dar es Salaam anayeweza kuliandika kwa niaba yenu.

Ombi langu moja kwa mtakaoshika kalamu. Katika zile rekodi 59,400, vituo zaidi ya 20,000 havina mwaka wa kujengwa. Mahali pa mwaka pamejazwa sifuri, na programu isiyoonywa husoma kwamba kisima kilichimbwa mwaka sifuri. Kwa hiyo waulizeni wazee kisima kilichimbwa lini, kabla ya mvua gani, mwenyekiti akiwa nani. Kama hakuna anayekumbuka, andikeni kwamba haujulikani.